Ardhi Yenye Watu: Shule ya Sanaa ya Makerere na Uchoraji wa Bonde la Ufa

Uhakiki wa sanaa katika Afrika ya Mashariki umekuwa kwa muda mrefu uhakiki wa maandishi. Riwaya, tamthilia na ushairi hupimwa fani na maudhui yake, na kila kizazi cha wanafunzi hujifunza kuuliza kazi fulani inamsema nani na inamficha nani. Picha ya rangi haikupata bahati hiyo. Aghalabu imeachiwa wauzaji, wageni wanunuzi, na waandishi wa vijitabu vya maonyesho ambao kazi yao ni kusifu. Matokeo yake ni kwamba athari ya Shule ya Sanaa ya Makerere, ambayo ndiyo iliyowalea wachoraji wengi wa mwanzo wa eneo hili, hutajwa kwa majina na tarehe bila kuulizwa swali ambalo riwaya yoyote ingeulizwa. Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilo, tena mahali ambapo shule yenyewe haikuwapo: Nakuru na sehemu ya kati ya Bonde la Ufa la Kenya. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu ni mahali pa ardhi. Huko hakuna mtu anayeitazama ardhi kwa macho matupu, na kwa hiyo picha ya ardhi haiwezi kuwa picha tu.

Hoja itakayotetewa ni hii: kwamba urithi mkubwa wa Makerere si mtindo wa kupaka rangi, bali ni mazoea ya kuiona ardhi kupitia matendo ya watu; na kwamba mazoea hayo yalipofika Bonde la Ufa yalikuta historia ambayo hayakutayarishwa kuisimulia.

Historia ya shule ni fupi kuielezea. Margaret Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1904, alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe daktari, kisha wakahamia Uganda mwaka 1935. Mwaka 1937 alianza kuwafundisha wanafunzi wachache kuchora na kuchonga, na darasa hilo dogo ndilo lililokua likawa idara kamili ya Makerere. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London katika Imperial Institute. Trowell alistaafu mwaka 1958, akafuatwa na Cecil Todd, mtu mwenye mwelekeo tofauti kabisa. Katika miaka ile ishirini ya Trowell walipita hapo Gregory Maloba kutoka Kenya, Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Tanganyika, na Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa hapo, kati ya mwaka 1950 na 1952. Hao na wenzao ndio waliokwenda kufundisha katika shule na vyuo vya nchi zote tatu.

Linalostahili kukaziwa macho zaidi ni njia ya kufundishia. Trowell alikuwa mwanafunzi wa Marion Richardson, mwalimu wa Uingereza aliyepinga desturi ya kuwakalisha watoto mbele ya chungu au kiti na kuwaamuru wakinakili. Richardson alikuwa akiwasimulia watoto mandhari fulani, mtaa wakati wa usiku au soko wakati wa mvua, nao wakafumba macho hadi picha ijitokeze akilini, ndipo wakashika brashi. Njia hiyo Trowell aliivusha bahari. Katika darasa la Makerere mwalimu alieleza jambo kwa maneno, kwa kawaida jambo la maisha ya mashambani ambayo wanafunzi waliyajua, na kutoka katika maneno hayo picha ikazaliwa.

Msomaji wa fasihi simulizi ataona mara moja jinsi jambo hili lilivyo karibu naye. Fanani husimulia, hadhira huona. Ngano haiwaelezi wasikilizaji mlima ulivyo. Huwaambia nani alipanda mlima, akibeba nini, akikimbia nini, na mlima unapatikana humo humo ndani ya kitendo. Mchoraji aliyefunzwa kuchora kutokana na masimulizi hawezi, isipokuwa kwa juhudi ya makusudi, kuchora mlima mtupu. Hakusimuliwa mlima mtupu. Kuna kinaya hapa ambacho wasifu wengi wa Trowell hukipita haraka: kile alichokiamini kuwa ndiyo njia ya kumwachia Mwafrika aone kwa jicho lake kilikuwa kimeundwa katika shule ya wasichana mjini Dudley, Uingereza. Lakini asili ya chombo si hukumu juu ya kazi yake. Jembe la chuma nalo lilikuja kwa meli.

Sam Ntiro ndiye kielelezo bora. Alizaliwa mwaka 1923 Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akasoma Makerere, kisha Slade mjini London, akafundisha, na uhuru ulipopatikana akawa Balozi wa Tanganyika huko London. Safari hizo zote hazikumwondoa migombani. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960, na wapo walioisifu kwa unyofu wake, kana kwamba mtu aliyepita Slade hakujua kuchora kivuli. Ukweli ni kwamba Ntiro alikuwa amechagua. Katika picha zake watu ni wadogo na wengi, sura zao hazitofautishwi sana, na kila mmoja ana kazi mkononi: huyu anakata, yule anabeba, wengine wanaongozana njiani. Vilima vimepangwa kama jukwaa la kuwabebea. Ukiwaondoa watu, picha haibaki kuwa mandhari tulivu. Inabaki kuwa jukwaa ambalo mchezo umekwisha. Hiyo ndiyo ardhi ya Makerere, ardhi ambayo haipo kabla ya watu wake.

Sasa msomaji aichukue picha hiyo aende nayo barabara kuu itokayo Nairobi, hadi pale Bonde linapofunguka chini ya ukingo na wachuuzi wanapowangojea wasafiri kwa ngozi za kondoo na vinyago. Picha za rangi zinazouzwa hapo, na katika hoteli za Naivasha na Nakuru, karibu zote ni za namna moja: mgunga mmoja, jua linalozama, twiga, au Ziwa Nakuru lenye ukanda wa waridi wa heroe, wale ndege ambao wenyeji wengi huwaita flamingo tu. Mtu hayumo. Akiwamo ni mchungaji Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja, na amesimama pale kwa sababu ile ile iliyomsimamisha twiga.

Ni rahisi kuzicheka picha hizi, na mchuuzi anayezitegemea kumlisha mwanawe hastahili kuchekwa. Swali la maana ni utupu huo umetoka wapi. Haukutoka kwa Mungu. Wamasai waliondolewa katika nchi ya Naivasha na Nakuru kwa mkataba wa mwaka 1904 ili mashamba yagawiwe walowezi, na mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu ikathibitishwa kisheria. Nchi iliyokwisha kuondolewa watu ndiyo iliyochorwa na wapenzi wa mandhari kuwa nchi isiyokuwa na watu, na jicho hilo la mlowezi likarithiwa na jicho la mtalii. Ziwa lenyewe lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ulinzi huo umefaa sana. Lakini ulisaidia pia kuimarisha wazo kwamba kilicho cha kutazamwa Nakuru ni kile kilicho ndani ya ua. Ajabu ni kwamba picha hizo hata kwa ndege wenyewe si za kweli tena. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda, yakafunika misitu ya kandokando na baadhi ya majengo ya hifadhi, na makundi makubwa ya heroe yakapungua, wengi wakitafuta chakula kwingine, hasa Bogoria. Mchuuzi angali anapaka waridi.

Huenda mtu akapinga kwamba mwanafunzi wa Makerere naye amechora wanyama, tena kwa wingi. Theresa Musoke, aliyesoma hapo wakati wa Todd na baadaye katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, aliishi Kenya kwa takriban miaka ishirini baada ya mambo kuharibika kwao Uganda, na wanyama wa porini ndio waliojaza turubai zake. Pingamizi hili lina uzito, na halijibiki kwa kusema kwamba Musoke alihitaji kuuza. Jibu limo katika picha zenyewe. Wanyama wa Musoke hawasimami peke yao mbele ya upeo wa macho. Mwili wa mmoja unaingia ndani ya mwili wa mwingine, shingo inazaliwa kutoka katika mgongo wa jirani, rangi imemwagwa ikaachwa ichuruzike hadi umbo lijitokeze lenyewe. Hawa si wanyama wa kutazamwa kutoka garini. Wana ukoo, wana msongamano, na wanaishi kama umma. Todd alikuwa amewafungulia wanafunzi wake mlango wa historia ya sanaa ya Ulaya na wa majaribio ya rangi, jambo ambalo Trowell hakulipa nafasi hiyo. Na Musoke alipoupita mlango huo hakuyaacha mazoea ya zamani nyuma yake. Alichora mbuga kama mtu anavyochora kijiji.

Hata hivyo haifai kuisifu shule hii kupita kiasi. Ardhi yenye watu ya Makerere ina upungufu wake, na hapana mahali upungufu huo unapoonekana wazi kuliko Nakuru. Mkulima wa Ntiro yumo kihambani mwake. Anavuna ndizi alizopandiwa na babu yake, na jioni atakunywa pombe yake mwenyewe. Utulivu wa picha hizo una msingi wa kweli katika umiliki. Lakini mtu aliyeinama katika shamba la ngano la Njoro au la pareto la Molo katika miaka ile ile ambayo Ntiro alikuwa akichora alikuwa skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimdai siku 180 za kazi kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kipande na kufuga. Katika miaka ya 1940 mabaraza ya walowezi yakaongeza siku hizo hadi 240 na hata 270, huku yakimpunguzia mifugo. (Kiswahili kina mzaha mkali hapa, kwa kuwa neno ngano hutaja hadithi na hutaja pia zao lile ambalo Lord Delamere alilijaribu Njoro kwa gharama kubwa, skwota aliijua ya pili kuliko mchoraji alivyoweza kumsimulia ya kwanza.) Ukimchora mtu huyo kwa utungo wa Ntiro, amepangwa vizuri pamoja na wenzake, mikono yote kazini, vilima vikiwabeba, utakuwa umechora uongo. Kila kitu kitakuwa kweli isipokuwa uhusiano wa mtu na ardhi anayoikanyaga.

Trowell aliwataka wanafunzi wachore maisha waliyoyajua. Lakini maisha waliyoyajua, kama yalivyoingia darasani, yalikuwa mavuno, harusi, soko, kurudi kutoka kisimani. Kodi haikuingia, wala kipande kilichoning'inizwa shingoni. Katika kazi zinazotajwa zaidi za kizazi kile cha kwanza Olenguruone haimo, ijapokuwa ilitokea mbele ya macho yao: watu waliotolewa mashambani wakapewa makazi huko mwaka 1941, wakakataa masharti ya serikali juu ya namna ya kuitumia ardhi waliyoihesabu kuwa yao, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 wakawa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Hapo palikuwa na kila kitu ambacho masimulizi yanahitaji. Kilichokosekana ni msimulizi darasani wa kukitamka.

Aliyekaribia zaidi kuuvunja ukimya huo ni Elimo Njau, na hakuuvunjia Bonde la Ufa bali upande wa pili wa Nyandarua. Mwaka 1959 alimaliza michoro mitano ya ukutani katika kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa vyote vimewekwa katika nchi ya Wagikuyu, miongoni mwa migomba, vibanda na miteremko yake, na watu wote ni weusi. Mara nyingi michoro hii husifiwa kwa kumfanya Yesu kuwa Mwafrika. Sifa hiyo ni ya kweli lakini ni ndogo. Jambo kubwa ni kwamba Njau aliuchukua utungo wa Makerere, kilima kilichojaa watu wenye shughuli, akauwekea tukio ambalo shughuli haiwezi kulimeza. Watu wangali wanafanya kazi zao, na katikati yao mtu anauawa. Mtu aweza kuhoji upande uliochaguliwa na walioagiza kumbukumbu ile, maana waliofia msituni hawakujengewa kanisa. Lakini hawezi kusema kwamba ardhi ya Njau haina habari ya damu. Iwapo shule ile ilikuwa na uwezo wa kusimulia Nakuru, ushahidi wa uwezo huo uko Murang'a.

Kwa njia gani, basi, Makerere ilifika Nakuru yenyewe? Si kwa majumba ya maonyesho. Taasisi kubwa ya elimu ya eneo hilo ilianzishwa Njoro mwaka 1939 na Lord Egerton kuwa shule ya kilimo. Makerere ilifika kwa chaki. Wahitimu wake na wanafunzi wa wahitimu wake walifundisha walimu. Maloba alihamia Nairobi katika miaka ya 1960 akaongoza Idara ya Ubunifu ya Chuo Kikuu. Njau na wenzake walifungua Paa ya Paa mwaka 1965. Na katika miaka ya 1970, Uganda ilipowatapika wasomi wake, shule nyingi za sekondari za Kenya zilipata walimu Waganda. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi likawa somo la kutahiniwa katika shule za msingi, na mtoto wa Bahati au wa Rongai akapewa mada kwa maneno aitungie picha: sokoni, mavunoni, kituo cha mabasi. Ni wachache waliojua kwamba zoezi hilo lilikuwa limesafiri kutoka Dudley kupitia Kampala. Kwa bahati mbaya mtihani uligeuza masimulizi kuwa amri ya mstari mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo likaondolewa katika mtihani, basi likaondoka pia katika ratiba za shule nyingi, kwa kuwa kisichotahiniwa Kenya huhesabiwa kuwa mchezo. Mtaala mpya ulioanza kuenea mwaka 2019 umeirudisha sanaa darasani, lakini mwalimu aliyesomeshwa bila sanaa hawezi kuifundisha kwa sababu tu kitabu kimefika.

Katika pengo hilo ndimo walimoingia wachoraji wasiopita chuo. Wengi huwatenga kabisa na Makerere, jambo ambalo halilingani na ukweli. Jak Katarikawe, aliyefariki Nairobi mwaka 2018, alikuwa dereva wa mhadhiri wa fasihi hapo Makerere, na mtu aliyemfundisha faraghani ni Ntiro yule yule. Ng'ombe wake wenye mapenzi na wivu ni watoto wa darasa ambalo hakuandikishwa. Sane Wadu ni habari nyingine. Alizaliwa mwaka 1954, akawa mwalimu wa shule, akaacha kazi ili achore, na watu walipomwita kichaa akajipa jina la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu. Yeye na mkewe Eunice Wadu, naye mchoraji, waliweka makao Naivasha, ambako wamewafundisha watoto na vijana. Kazi zake za miaka mingi zilikusanywa katika maonyesho ya Nairobi mwaka 2022. Wadu hana utulivu wa Ntiro. Rangi yake ni nzito, imekwaruzwa, watu na wanyama wanabanana hadi turubai inakosa pumzi, na mara nyingi haijulikani kama wanacheza au wanakimbia. Mtu anayeikumbuka Naivasha ya Januari 2008, au Molo ya mwaka 1992, hahitaji kuambiwa kwamba katika nchi hiyo mambo hayo mawili yameweza kutokea siku moja. Kwa hiyo Wadu, ambaye hana cheti cha Makerere, ameifikisha ardhi yenye watu mahali ambapo wenye cheti waliiachia njiani: pale ambapo wingi wa watu si ushirika peke yake bali pia ni hofu.

Amebaki Rosemary Karuga. Baada ya kutoka Makerere alifundisha kwa miaka mingi, na aliporudi kwenye sanaa uzeeni hakuwa na fedha za rangi. Alikata karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akavibandika vipande hivyo kimoja kimoja hadi wakatokea wanawake wanaozungumza, kuku, wasichana njiani. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Aliaga dunia mwaka 2021. Utungo wake ni ule ule aliofundishwa na Trowell, mambo ya kijijini, watu kwanza na ardhi baadaye. Lakini ukisogea karibu unaona herufi za kiwanda kwenye kanga ya mwanamke, na nembo ya biashara kwenye bawa la kuku. Kampuni ya Unga ilianzishwa na Delamere mwaka 1908, isage ngano ya mashamba ya Bonde. Mafuta hayaachi alama ya mahali rangi ilikotoka. Karatasi ya Karuga huiacha.